Kwa nini msingi wako umesimamishwa na wa jirani umeachwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulikuwa umechimba msingi wa nyumba ya vyumba vitatu katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu, ukaletewa barua ya kusimamisha ujenzi kwa kukosa kibali, ilhali jirani wa hatua chache amekwisha kupaua nyumba kubwa kuliko yako na hakuna aliyemuuliza. Unataka kujua kama umeonewa, na kama sheria za ujenzi zina nguvu kijijini. Nimefanya kazi ya uashi mkoani Kagera kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka 5 nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, hivyo jambo hili nimeliona nikiwa na mwiko mkononi na nimeliona nikiwa kikaoni.

Huenda wewe na jirani yako hamko chini ya sheria moja, ingawa mnachota maji kisima kimoja. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na huko watu wengi hujenga bila kudaiwa ramani ya nyumba. Lakini kijiji kikikua na maduka yakapangana kando ya lami, Waziri anaweza kulitangaza eneo hilo kuwa eneo la mipango miji kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, na tangu hapo anayejenga ndani yake anatakiwa kuwa na kibali. Tangazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali, ambalo mimi sijawahi kuona nakala yake hata moja katika ofisi ya kijiji chetu. Kwetu mpaka ulikata katikati ya shamba la migomba la mzee mmoja: mwanawe wa kwanza akahitaji kibali, wa pili hakuhitaji, na familia nzima ikaamini kwamba mtendaji ana kinyongo na yule wa kwanza. Barabara nayo ina hifadhi yake, yaani ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujengwa, ambayo kwa barabara kuu, kufuatia Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Pima hilo kwanza, kwa sababu ukiwa ndani ya hifadhi hakuna kibali kitakachokusaidia.

Hata hivyo, mpaka hauelezi kila kitu. Mkaguzi wetu alitoka makao makuu ya wilaya, akihudumia kata nyingi kwa gari ambalo mara nyingi halikuwa na mafuta, na alipofika aliona kile kinachoonekana kutoka barabarani. Rundo la mchanga na tripu mbili za mawe mbele ya kiwanja zilitosha kumfanya asimame, wakati aliyejenga nyuma ya mlima alimaliza nyumba bila kumjua mkaguzi kwa sura. Tena wapo walioachwa kwa makusudi. Nikiwa mjumbe, mama mjane alisimamishwa kwa vyumba viwili, na mwezi huohuo mtu mwenye uwezo aliendelea kunyanyua nyumba ya wageni karibu kabisa na mto, ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira Na. 20 ya 2004 inazilinda. Siwezi kusema palikuwa na fedha, kwa sababu sikuziona. Nilikuwa kikaoni nikanyamaza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ukaguzi wenyewe huuliza karatasi na hauulizi ukuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipotupiga, nyumba nyingi zilizoanguka ni zile za tofali zilizounganishwa kwa udongo, zisizo na mkanda wa zege wa kuzifunga kuta. Nimeona mafundi wakitoa matofali zaidi ya 50 kwa mfuko mmoja wa saruji, wakati mimi sikupitisha 30, na katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kugonga tofali langu wala lao.

Sasa lako. Nenda na hiyo barua kwa afisa mipango miji wa wilaya, uombe kuoneshwa kwenye ramani mahali kiwanja chako kilipo, na namba ya tangazo lililoweka mpaka. Ukiwa ndani, omba kibali ukiwa na ramani ya nyumba na uthibitisho wa umiliki, na kila malipo yawe na stakabadhi. Ukiwa nje, omba barua hiyo ifutwe kwa maandishi, kisha mwombe mwenyekiti wa kijiji aweke suala hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu, ili ramani isomwe mbele ya watu wote. Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo zake na kuzipeleka kwa halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Sisi tulidai msingi wa mawe na mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha. Ilichukua zaidi ya mwaka, na bado wapo wanaokwepa, lakini mafundi vijana sasa wanauliza nondo kabla ya kuanza kazi.

Usianze kwa kumshtaki jirani, kwa maana huenda yeye yuko nje ya mpaka na wewe ndiye utakayeishi naye. Na wakati unasubiri majibu, usiache mtaro wa msingi wazi: mvua ikiujaza, udongo wa chini hulainika, na itakubidi uchimbe tena hadi ufikie udongo mgumu kabla ya kupanga jiwe la kwanza.