Maswali ya wasomaji: filamu ya kapilari au emulsheni ya ndoo?

SWALI: Bwana Mhariri, tunachapisha fulana za kwaya, za shule na za timu za mpira hapa Birere, mjini Goma. Nembo kubwa hutoka vizuri, lakini maandishi madogo, hasa namba za simu chini ya nembo, hutoka yakiwa na kingo zenye meno, na kila fremu ya wavu tunayochapia huwa na vitundu ambavyo hutubidi kuviziba kimoja kimoja. Mfanyabiashara mmoja anatushauri tuache emulsheni ya ndoo, yaani ile dawa ya majimaji inayoganda kwa mwanga na kuziba wavu pasipo na mchoro, na kutumia filamu ya kapilari, ambayo ni ghali zaidi. Je, tuinunue?

JIBU: Inunueni kwa ajili ya hayo maandishi madogo, si kwa kila kazi.

Filamu hii, ambayo msiichanganye na ile yenye mchoro mnayoilaza juu ya fremu wakati wa kuipiga mwanga ili emulsheni igande, ni emulsheni iliyokwisha kupakwa kiwandani juu ya karatasi ya plastiki ya poliesta na kukaushwa, ikiwa na unene uliopimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Emulsheni ya ndoo hupakwa kwa mkono, na maji yake yanapokauka hunywea na kufuata mabonde yaliyo kati ya nyuzi za wavu, kwa hiyo ukingo wa herufi hufuata nyuzi badala ya kufuata mchoro, na wino hupenya pembeni. Uso wa filamu ni tambarare. Hulala sawasawa juu ya fulana na wino huishia pale mchoro unapoishia.

Vitundu ni habari nyingine. Vile vinavyoletwa na mapovu ya emulsheni vitakwisha, lakini vile vinavyoletwa na vumbi vitabaki, na anayeishi Goma hahitaji kuelezwa jinsi vumbi jeusi la lava linavyoingia hata kwenye kabati lililofungwa. Wavu uoshwe kwa dawa ya kuondoa mafuta hadi maji yatandae juu yake bila kukatika popote, kwa sababu kinachoivuta filamu ndani ya wavu ni maji hayo tu. Kama mnatumia maji ya ziwa yaliyoletwa kwa bidoni, yachujeni kwanza: chochote kilichomo ndani yake kitakauka chini ya filamu.

Kazi yenyewe hufanywa chini ya taa ya manjano. Viringisheni filamu kwenye bomba, upande wa emulsheni ukiwa nje, ugusisheni juu ya fremu iliyosimama ikiwa bado imelowa, upande utakaogusa fulana, kisha ishusheni polepole bila kuisukuma. Mtaona rangi yake ikikolea kadiri inavyonyonya maji. Baada ya hapo pitisheni rakleti, ule ubao wenye ukingo wa mpira wa kuvutia wino, upande wa ndani mara moja, kwa mkono mwepesi, ili kuondoa maji yaliyozidi, na mkaushe kwa feni gizani. Plastiki hubanduliwa filamu ikikauka kabisa, kabla ya kupiga mwanga.

Unene ulingane na wavu. Kwa nyuzi 43 hadi 55 kwa sentimita, ambazo wengi huzitumia kwa fulana, mikroni 35 hadi 50 zinafaa. Kwa nyuzi 120, mikroni 15 hadi 20 zinatosha. Filamu nyembamba kwenye wavu wenye matundu mapana haipati pa kushika, na hapo ndipo watu wengi huilaumu bure.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ni sehemu ndogo tu ya filamu inayoingia kati ya nyuzi, hivyo haidumu kama emulsheni inayouzunguka kila uzi. Kwa oda ya fulana nyingi sana, filamu ikishakauka na kabla ya kubandua plastiki, pakeni emulsheni nyembamba upande wa ndani, mkaushe tena. Mkitumia wino wa maji, ulizeni kwanza kama filamu hiyo inavumilia maji, maana si zote. Nembo kubwa za rangi moja ziacheni kwenye ndoo; sioni sababu ya kuzilipia zaidi.

SWALI: Mimi ni mchapishaji wa Kadutu, Bukavu. Filamu yangu hung’oka vipande vipande, mara nyingine pamoja na plastiki, mara nyingine wakati wa kuosha. Je, nimeuziwa mbovu?

JIBU: Huenda si mbovu. Inayong’oka pamoja na plastiki haijakauka, au wavu ulikuwa na mafuta. Katika miezi ya mvua ya Bukavu feni peke yake huchelewa, kwa hiyo ongeza hewa ya uvuguvugu isiyozidi nyuzi joto 40. Inayong’oka wakati wa kuosha, na kuacha utelezi upande wa ndani, imepata mwanga mchache. Kata kipande kimoja, kibandike kwenye wavu, kifunike kwa kadibodi na kuisogeza hatua kwa hatua chini ya taa yako, kioshe, kisha chagua muda mfupi zaidi ambao utelezi huo hauonekani.