Kabla hujachagua chuo cha ufinyanzi, uliza joko liliwashwa lini

Jumatano iliyopita usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa msichana wa Kayole ambaye amekuwa akifuatilia kazi zangu. "Dada, nilipata C+ kwenye KCSE. Nataka kusomea ufinyanzi lakini mama anataka niwe mwalimu. Ungekuwa wewe, ungechagua chuo gani?" Nilidhani nitamjibu mistari miwili nilale. Saa saba usiku nilikuwa bado naandika. Swali lake lilinigusa mahali ambapo hapajapona, kwa sababu mimi nilichagua vibaya na kosa hilo nimelilipia miaka saba.

Nilikuwa na umri wa miaka 19. Nilichagua chuo kwa jina lake na kwa picha moja ya brosha: mwanafunzi amevaa aproni, mikono imezama kwenye udongo juu ya gurudumu, nyuma yake dirisha kubwa lenye jua. Baba aliuza ng'ombe wawili Kitui ili nilipe karo ya mwaka wa kwanza. Nyanya yangu, ambaye alifinyanga vyungu maisha yake yote na kuvichoma uani kwa kuni na matawi makavu, aliniuliza jambo moja tu: "Huko mnachomea nini?" Nilimwambia kuna joko la kisasa, yaani tanuri la kuchomea vyombo, la stima. Sikuwa nimeliona.

Nililiona wiki ya kwanza. Lilikuwa kona ya mwisho ya karakana, limefunikwa turubai, na juu ya turubai kuna vumbi. Sikuuliza. Muhula wa kwanza tulifinyanga, tukakausha, tukapanga rafuni. Muhula wa pili tulifinyanga tena, na kwa kuwa rafu zilikuwa zimejaa, vile vya kwanza tukavivunja na kuvirudisha kwenye pipa la maji. Udongo ambao haujachomwa hulainika upya ukiloweshwa, kwa hiyo chuo hakikupoteza kitu. Tuliopoteza ni sisi. Tunafinyanga, tunapewa alama, tunavunja. Mara waya za kupashia joto zimekatika, mara kuna deni la stima, mara fundi aliyelijua joko amestaafu. Kwa miaka mitatu liliwashwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya wageni waliokuja kukagua. Nilipohitimu nilikuwa na diploma ya ufinyanzi na vyombo vinne vilivyoonja moto.

Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kudhani moto ni hatua ya mwisho tu, kama kupiga pasi nguo iliyokwisha kushonwa. La. Moto ndio somo lenyewe. Chombo kikiwa na unyevu ndani, maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100 na kukilipua. Karibu na nyuzi 573, chembe za kwazi, madini magumu kama ya mchanga, zilizomo kwenye udongo hubadilika umbo na kutanuka kwa ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa vivyo hivyo. Ukifungua joko kwa pupa utasikia mlio mwembamba, kama wa glasi inayogongwa ukucha, na hapo sahani yako imekwisha. Mimi haya yote niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama 71. Masikio yangu yalikuwa hayajawahi kuusikia mlio huo.

Nikaja kuyajua kwa hasara. Oda yangu ya kwanza ilikuwa vikombe 60 vya mkahawa mmoja Westlands. Nilikodi joko la mtu, nikanunua glezi ya kopo kutoka nje, ule mpako unaoyeyuka motoni ukang'aa kama kioo, nikaipaka kwenye udongo wetu wa hapa. Vilitoka vizuri mno, nikavipiga picha, nikamtumia kila mtu. Baada ya wiki mbili vikaanza kuchora nyufa nyembamba kama nywele. Glezi ile ilikuwa inasinyaa zaidi kuliko udongo ulio chini yake, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba viwili hivyo lazima vilingane. Kahawa ikapenya kwenye nyufa. Mwenye mkahawa alinirudishia sanduku bila kunitolea neno baya, na hilo liliniuma zaidi. Nilipanda matatu na sanduku mapajani, nikalia kutoka Westlands hadi Ngara.

Aliyenifundisha hatimaye ni mzee mmoja anayetengeneza vigae vya ndani vya majiko ya makaa, haya majiko yetu ya bati yaliyoenea tangu miaka ya 1980. Alisoma mpaka darasa la nane. Nilimfanyia kazi miezi 14, ile ya mwanzo bila malipo. Alinifundisha kuusoma moto kwa rangi kupitia tundu la joko: wekundu wa giza, kisha wekundu wa cheri, kisha rangi ya chungwa, ambapo unajua umekaribia nyuzi 1,000. Nikirudi nyumbani nilichanganya glezi zangu mwenyewe kijiko kwa kijiko na kuzijaribu kwenye vigae vidogo. Nilijaribu vigae 212 kabla ya kupata glezi moja isiyopasuka. Bado ninavyo, vimening'inia ukutani.

Leo nina karakana yangu Kasarani, mtaa wa Clay City, ambao hata jina lake ni la udongo. Mwezi uliopita nilikabidhi sahani 120 kwa hoteli moja. Haijarudi hata moja. Nayasema haya kwa fahari na siombi radhi.

Sasa turudi kwa chuo. Sitakupangia vyuo, cha kwanza hadi cha mwisho. Kenyatta University hufundisha ufinyanzi ndani ya sanaa na usanifu. Ng'ambo ya mpaka kuna Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Pia kuna vyuo vya diploma. Hakikisha chuo kimeidhinishwa, na TVETA (mamlaka ya vyuo vya ufundi) kwa diploma au CUE (tume ya vyuo vikuu) kwa digrii, kisha nenda mwenyewe. Usiende siku ya wageni. Nenda Jumanne ya kawaida katikati ya muhula, mtafute fundi wa karakana, si mkuu wa idara, umuulize: joko limewashwa mara ngapi muhula huu? Nani huliwasha, yeye au wanafunzi? Stima ikipotea mna la kuni au la gesi?

Halafu zunguka nyuma ya jengo utafute jalala la magae. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo tulivyofundishwa. Mahali panapochomwa vyombo, vingine huvunjika, haiwezekani vinginevyo. Chuo ambacho nyuma yake ni nyasi safi hakichomi kitu.

Usihesabu magurudumu. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950 na kazi zake ziko British Museum, hujenga mitungi yake kwa mkono bila gurudumu, huisugua mpaka ing'ae, kisha huipa moto. Alisoma Uingereza, hadi Royal College of Art, lakini katikati ya masomo alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wa huko. Alifuata mikono inayojua. Ninyi mnaoniandikia kila wiki kuuliza kuhusu jina la chuo, mfuateni kwa hilo.

Na wazazi, tafadhali. Kabla ya kuuza ng'ombe, pandeni gari mje muione karakana kwa macho yenu. Mnakagua shamba kabla ya kulinunua, mnampeleka fundi akague gari kuukuu, lakini miaka mitatu ya mtoto mnailipia kwa brosha. Udongo uwahi ungali maji, na huyo mtoto ni udongo. Waulizeni joko. Wasipokujibu, ondokeni.

Msichana wa Kayole nilimwambia haya yote, kwa ufupi kidogo kuliko hapa. Jumanne alikwenda kwenye chuo kimojawapo na mama yake. Jioni alinitumia picha ya rundo la magae linalomfikia gotini, na nyingine ya mkono wa mama yake umewekwa kwenye mlango wa joko. Chini ya picha aliandika: "Bado lina joto, dada. Walifungua jana." Mama sasa anauliza karo ni ngapi na kama wanakubali kulipa kwa awamu.