Kuvaa au Kuvua Ukiwa Nyumbani: Ngozi Inahitaji Nini

Wanaouliza kama ni afadhali kwa ngozi kukaa ndani ukiwa umevaa au ukiwa mtupu hutarajia jibu moja kati ya mawili. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, na kazi yangu hunishindisha nyumbani siku nyingi za juma, kwa hiyo swali hili nimeishi nalo kwa muda mrefu. Nilichojifunza kwenye ngozi yangu mwenyewe, na ambacho madaktari walionihudumia wamekisisitiza, ni kwamba kinachoidhuru ngozi ni unyevu usiokauka na msuguano usiokoma, na vyote viwili humpata aliyevaa suruali ya kubana kama vinavyompata aliyejilaza kwenye kochi bila uzi mwilini.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni la seli zilizokufa, zilizoshikamanishwa na mafuta, na uso wake una asidi kidogo, kwa kawaida pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 si asidi wala alikali) iliyo kati ya 4.5 na 5.5. Asidi hiyo huwazuia bakteria na fangasi wengi wasistawi. Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4, na jasho hupoza mwili kwa kugeuka mvuke. Jasho lisilopata nafasi ya kukauka halipozi chochote, bali huilowesha ngozi mpaka seli za juu zikavimba na kuziba vijitundu vya jasho, na hapo ndipo harara huzuka, vile vipele vidogo vinavyochoma kama sindano. Pale ngozi inapogusana na ngozi, yaani makwapani, chini ya matiti, kinenani, katikati ya mapaja na kwenye mikunjo ya tumbo, hali huwa mbaya zaidi kwa sababu unyevu na msuguano hukutana mahali pamoja, nayo asidi ya kinga hupungua. Ngozi huanza kwa kuwasha, ikachubuka, na hatimaye ikawa makao ya fangasi.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini nguo za kubana hazifai kushinda nazo nyumbani. Kwangu mahali pa kutazama ni kiunoni. Nikivua jioni suruali yenye lastiki ngumu, huona mstari uliochongeka kuzunguka mwili wote, wenye alama za vijikunjo vya lastiki yenyewe, na nikiupapasa kwa kidole nahisi ngozi imenyanyuka na ina joto kuliko sehemu za jirani. Mstari huo ukififia baada ya muda mfupi, sina wasiwasi nao. Ukibaki mpaka wakati wa kulala na kuanza kuwasha, nguo hiyo naiacha, hata ikiwa ingali mpya. Sidiria nayo naichunguza vivyo hivyo, hasa ule utepe wa chini, kwa kuwa hunyonya jasho la siku nzima na kulishikilia mahali ambapo hewa haifiki. Mtu asiye na mahali pa kwenda hana sababu ya kuivaa kutwa nzima ikiwa inamchoma, ingawa mwenye matiti makubwa huenda akanufaika na fulana nyepesi ya pamba inayotenganisha titi na ngozi ya kifua. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ina jambo moja la ziada la kuangalia: kila mchubuko au muwasho hupenda kuacha doa jeusi, na doa hilo huchukua miezi mingi kufifia hata baada ya msuguano kukoma.

Je, kuvua nguo zote ndiyo dawa? Kwa sehemu, ndiyo. Mgongo, kifua, mabega na miguu hufaidika na hewa, na wakati wa joto kali sijaona kitu kinachotuliza harara haraka kuliko kuoga maji ya baridi kidogo, kujikausha kwa kugusagusa na taulo badala ya kusugua, kisha kukaa bila nguo mbele ya feni mpaka mwili ukauke kabisa. Lakini utupu hauifikishi hewa ndani ya mikunjo. Mtu aliyeketi bila nguo huwa amekunja tumbo na kubana mapaja, na jasho la hapo halina kitambaa cha kulinyonya. Akiwa ameketi kwenye kiti cha ngozi au plastiki, mapaja hunata, na akiinuka ghafla ngozi huvutwa. Ndiyo maana mimi nikikaa bila nguo hutandika taulo safi la pamba juu ya kiti, ambalo ni msaada kwa ngozi yangu na ni usafi kwa wengine wanaokitumia kiti hicho. Kwa mwenye pumu ya ngozi kuna sababu nyingine ya kujifunika kidogo, nayo ni kucha. Ngozi iliyo wazi hukunwa bila mtu kujitambua, hasa usingizini, na mikono mirefu ya kitambaa laini imeniepusha na vidonda vingi kwenye vifundo vya viwiko. Hewa kavu ya kiyoyozi au ya hita nayo hunyonya maji ya ngozi iliyo wazi, kwa hiyo anayependa kukaa hivyo apake mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Basi vazi ninalolipendekeza kwa nyumbani ni pana, jepesi na lisilo na mshono mnene kwenye kinena au kwapa: gauni la kulegea, kaptura pana inayofika katikati ya mapaja, au shuka la kujifunga. Kuhusu kitambaa, katika hewa ya unyevu wa wastani pamba hushika maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikishi hata asilimia 1, na kwa hiyo poliesta ya kawaida iliyobana mwili huliacha jasho juu ya ngozi. Kitani ni kizuri pia. Sufu hunyonya kuliko zote hizo, lakini ile yenye nyuzi nene huwasha, nami siiweki karibu na mwili. Pamba ina udhaifu wake: ikilowa hukawia kukauka, kwa hiyo fulana iliyolowa jasho ibadilishwe, isiachwe ikaukie mwilini. Nguo zianikwe mpaka zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, na zisuuzwe vizuri, kwa sababu mabaki ya sabuni na manukato ya vilainisha nguo huwasha ngozi nyepesi kudhurika.

Usiku nashauri nguo za ndani zivuliwe au zilegezwe, hasa kwa anayesumbuliwa na fangasi za kinenani, ila shuka za anayelala mtupu zifuliwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa jasho, mafuta na seli zilizobanduka huishia humo zote. Wenye mzio wa wadudu wa vumbi wazifue kwa maji ya moto ya nyuzi joto 60 za Selsiasi au zaidi, kwani joto hilo huwaua. Na anayependa kuota jua dirishani ajue kwamba kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ambayo ndiyo huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, huku kikipitisha kiasi kikubwa cha UVA, miale inayozeesha ngozi.

Yapo mambo ambayo mavazi hayatayatibu. Upele wa mviringo wenye ukingo ulioinuka na magamba, unaopanuka kuelekea nje huku katikati pakisafika, mara nyingi ni fangasi, na kuupaka krimu yenye steroidi hutuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini, kiasi kwamba hata daktari anapouona baadaye hupata shida kuutambua. Weusi mzito wenye mguso wa mahameli shingoni au makwapani hausababishwi na uchafu, na kuusugua kwa dodoki huuzidisha. Mara nyingi huambatana na mwili kushindwa kuitumia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, na aliye nao apimwe sukari ya damu. Mkunjo wa ngozi unaotoa majimaji au usaha, au wekundu unaosambaa ukiambatana na homa, uonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo.