Kipimo Kinaonyesha Klorini Ipo, Mbona Maji ni ya Kijani?

SWALI: Tangu nilipolijaza maji bwawa langu la nje miezi 8 iliyopita, natumia vidonge vya klorini tu. Kipimo kinaonyesha klorini huru (ile inayohesabiwa kuwa bado haijatumika) miligramu 3 kwa lita na pH 7.4, lakini maji yamegeuka kijani. Muuza dawa anataka niongeze unga wa klorini wa nguvu, fundi anataka nitie mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu), na jirani anasema nipunguze klorini kwa kuwa harufu ni kali. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati yao, kwa sababu wote watatu wamekupa dawa bila kukuuliza kiasi cha asidi ya sayanuriki kilichomo katika maji yako.

Asidi hiyo imo ndani ya vidonge vyenyewe. Kazi yake ni kuilinda klorini isiharibiwe na jua, ambalo lingeimaliza ndani ya saa chache, na kwa kazi hiyo miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, ilhali asidi hii hubaki. Kila miligramu 10 za klorini zinazotoka katika vidonge huacha takriban miligramu 6 za asidi katika kila lita, kwa hiyo bwawa linalotumia miligramu 2 kwa siku huongezewa karibu miligramu 36 kwa mwezi. Wewe umefanya hivyo kwa miezi 8 bila kubadilisha maji.

Hapa ndipo lilipo kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki, nalo ni imani kwamba maadamu kipimo kimeonyesha klorini, basi klorini hiyo inafanya kazi. Asidi ya sayanuriki huishika klorini na kuiachia kidogo kidogo, na kipimo cha kawaida huihesabu yote kuwa huru, iliyoshikwa na isiyoshikwa. Sisi wengi katika kazi hii huhakikisha klorini haipungui takriban asilimia 7 ya asidi iliyomo, maana yake ni kwamba miligramu zako 3 zingetosha kwa asidi ya miligramu 40, lakini mbele ya asidi ya 200 mwani, ndio huo unaoyafanya maji yako kuwa ya kijani, huota kana kwamba hukutia kitu. Kipimo chako hakikukudanganya. Aliyekuuzia vidonge bila kukueleza jambo hili ndiye aliyekukosea.

Basi pima asidi hiyo leo. Kipimo chake, kile cha kuangalia doti jeusi likipotea katika maji yaliyotiwa ukungu, kwa kawaida hakisomi zaidi ya 100, hivyo changanya sampuli yako na maji safi kwa kiasi sawa, kisha zidisha jibu mara mbili. Ikiwa imezidi sana, hakuna dawa ya kuipunguza, ya unga wala ya maji, nitakayokushauri ununue. Toa maji, uingize mapya: ukibadilisha nusu, asidi ya 140 itakuwa 70. Fanya kwa awamu, usilikaushe bwawa kabisa, kwa maana maji ya ardhini yanaweza kuliinua au kulipasua. Baada ya hapo tumia klorini ya maji, isiyo na asidi hiyo, sugua kuta, acha pampu ifanye kazi mchana na usiku, na uendelee mpaka klorini isipungue zaidi ya miligramu 1 kutoka jioni hadi alfajiri.

Kuhusu washauri wako, harufu kali hutokana na klorini iliyoungana na jasho na mkojo, kwa hiyo mara nyingi ni dalili ya klorini kuzidiwa, si kuzidi. Mrututu huua mwani, lakini hautoshi kuwa badala ya klorini dhidi ya vijidudu, na shaba yake hubaki ikatia madoa kutani. Unga wa nguvu ndio unaonisumbua zaidi, kwa kuwa aina mojawapo inayouzwa sana huacha asidi ya sayanuriki miligramu 9 kwa kila miligramu 10 za klorini. Yaani anakuuzia ugonjwa uleule kwa jina la tiba.

Aina nyingine ya unga huo ni hipokloriti ya kalsiamu. Haina asidi hiyo, lakini ikikutana na vumbi la vidonge vyako katika kopo au kifaa kimoja inaweza kuwaka moto au kulipuka, na wauzaji wanaoshauri "changanya kidogo kidogo" wanacheza na maisha ya watu. Klorini ya aina yoyote ikikutana na asidi ya kushushia pH hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kila dawa iwe na kikopo chake kikavu, itiwe bwawani peke yake huku pampu ikifanya kazi, na siku zote dawa ndiyo imiminwe katika maji, kamwe si maji katika dawa. Ndoo ikianza kutoa moshi au harufu ya kukaba koo, usirudi kuifunika: ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, uwaondoe na wengine, kisha uite zimamoto.