Kuhusu ile picha ya wimbi

Mwanangu Zuhura,

Salamu za huku Moshi, sote hatujambo. Umeniuliza kama ununue ile picha ya wimbi ya Hokusai, mchoraji wa Japani wa zamani, yenye fremu tayari, kwa ajili ya sebule yenu ya Tanga. Unasema muuzaji amepandisha bei kwa sababu eti ni toleo maalumu la nakala 250. Picha nunua, mama, ni nzuri kweli. Hiyo 250 usiilipie.

Hokusai aliichora mnamo 1831 hivi, na tangu mwanzo ilikuwa ya kuchapwa. Mafundi wa Japani walichonga mchoro wake kwenye vibao, wakavipaka rangi, wakakandamizia karatasi juu yake, wakatoa nakala nyingi. Baadhi ya hizo za zamani ziko kwenye makumbusho: British Museum, London, na Metropolitan, New York. Ni ndogo: upana sentimita 37 hivi, kimo 25. Namba ya nakala inayoandikwa kwa penseli pembeni ina thamani msanii mwenyewe anapotia saini na kuahidi kwamba hazitachapwa zaidi. Hokusai alifariki 1849. Nani atamtilia saini? Tena Metropolitan wameiweka picha yao kwenye intaneti bure, na yeyote anaruhusiwa kuichapa.

Basi lipia karatasi na wino. Muulize kama karatasi ni ya pamba, isiyo na asidi, maana ya kawaida hugeuka manjano. Muulize pia kama wino ni wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, kwa kuwa aina nyingine nyingi hufifia mapema. Bluu ndiyo uhai wa picha hii. Ikipauka, hutaitamani tena. Asipoweza kukujibu hayo, tafuta mwingine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hewa ya Tanga. Karatasi iliyogusana na kioo hunata unyevu unapoingia, kisha huota ukungu. Ndani ya fremu iwepo kadi pana inayoizunguka picha na kuitenga na kioo, nayo isiwe na asidi. Nyuma pazibwe vizuri ili vumbi na wadudu wasipite. Vishikizo na waya visiwe vya chuma cha kushika kutu, chumvi ya bahari haichelewi. Bandika vipande vya mpira kwenye pembe mbili za chini, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta wenyewe usiwe ule unaopigwa na jua la dirishani, wala ule wa upande wa bafu.

Kuitundika ni rahisi: katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na juu ya kochi unaweza kuishusha kidogo. Usichukue ile kubwa ya mita nzima kwa sababu tu ukuta ni mtupu. Mistari yake ni myembamba, inataka mtu aisogelee.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aigeuze, uipige picha kwa nyuma, hasa pembe, unitumie niitazame.

Baba yako