Jukwaa la sentimita 90

Wewe unayeanza kuandaa matamasha, ukitaja watu wenye ulemavu utajibiwa, "Tutaweka rampu," yaani njia ya mteremko ya kupandia jukwaani. Sawa, lakini shika futi kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita ya kimo inadai sentimita 12 za mteremko. Jukwaa letu lilikuwa la sentimita 90, kwa hiyo tulihitaji karibu mita 11. Fundi akatupigia ya mita tatu, nami nikaipokea kwa kuwa ilipakwa rangi vizuri. Mwimbaji wetu akafika na kitimwendo chake, akaitazama, akacheka. Vijana wakataka kumbeba. "Mimi si spika," akasema. Aliimba akiwa chini, na waliokaa nyuma hawakumwona.

Siku hizi tunashusha jukwaa lenyewe. La sentimita 40 linataka mita 4.8 tu.

Kosa langu jingine: mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa shoo ya muda wa saa tatu. Kazi ile inachosha mikono na akili; wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, na mashairi ya nyimbo wayapate siku kadhaa kabla. Mafumbo ya taarabu hayafasiriki papo kwa papo. Usiku ule ukaja wimbo wa taratibu, mtu wa taa akazima zote akabakiza ya bluu. Mkalimani akawa anafasiri gizani. Viziwi waliokaa mbele wakawasha tochi za simu, wakammulika mikononi hadi wimbo ukaisha. Ukumbi mzima ukadhani ni mbwembwe, nao wakawasha zao! Tangu hapo taa ya mkalimani ina swichi yake, haiguswi.

Shoo ikiwa ya mchana, watu wenye ualbino watengewe kivuli, tena kivuli cha mbele, maana wengi wao hawaoni mbali.

Mwenye ukumbi akikuonyesha kuwa anakufanyia hisani, mkumbushe kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja utamaduni na burudani. Ila kabla hujasaini, mwite mtumiaji wa kitimwendo, mlipe kama unavyomlipa fundi sauti, mzunguke naye kuanzia getini. Ukumbi mmoja tuliusifu kila hatua, hadi tulipofika chooni: ngazi mbili, na mlango unafungukia ndani.