Usiisahihishe "barre" kabla hujaishika mkononi

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia. Amepewa kazi ya kurasa 40, mwongozo wa kuendesha mashua ya tanga, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mteja yuko nje, analipa kwa dola, anaitaka baada ya siku sita. "Dada, niko na kamusi nzuri na programu ya kutafsiri kwenye simu. Itatosha?"

Nilimjibu neno moja: hapana. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka umeme ukakatika. Ninaandika leo kwa sababu alistahili jibu refu zaidi, na jibu hilo siwezi kulitoa bila kusema yaliyonipata mimi.

Sisi tunaofasiri hapa Goma tumekomaa kwenye ripoti za mashirika. Wakimbizi wa ndani, chanjo, visima, vyoo, mgao wa unga. Maneno hayo tunayatoa usingizini. Na sote tunangoja siku ile ambapo mteja atatoka mbali na kitu kipya, kwa bei ya huko mbali. Yangu ilifika miaka mitatu iliyopita: chuo kimoja cha nje kilikuwa na kitabu cha mafunzo ya mashua kwa Kifaransa, kikataka toleo la Kiingereza. Nilikubali ndani ya dakika kumi. Nilikuwa na miaka tisa kazini. Nikajiambia, mashua ni mashua.

Baada ya wiki mbili kazi ilirudi imejaa wino mwekundu.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Kifaransa kina "safran", lile bapa la usukani linalozama majini. Kiingereza chake ni "rudder blade". Programu iliandika zafarani, kiungo cha pilau, nami nikapita juu yake saa nane usiku bila kuliona. Hilo niliona aibu, lakini nililielewa.

La pili ni baya zaidi, kwa sababu nililifanya nikiwa macho. Kitabu kilisema "choquer l'écoute". Nilijua kwamba "écoute" hapa haihusiani na kusikiliza, kamusi iliniambia ni "sheet". Nami nikaamini "sheet" ni tanga lenyewe, kwa kuwa ni neno la shuka, na tanga ni kitambaa. Kwa hiyo, ili msomaji aelewe vizuri, nikaandika kila mahali "shusha tanga". Kumbe "sheet" ni kamba! Ni ile kamba inayovuta tanga ndani au kulilegeza. "Choquer l'écoute" ni kuilegeza kidogo, "ease the sheet", upepo upungue ndani ya tanga. Mimi niliwaambia wanafunzi washushe tanga zima katikati ya maji.

La tatu ndilo lililoniumiza. Mwandishi alisema: sukuma "barre", yaani kishikio cha usukani, kushoto, mashua inakwenda kulia. Nikasoma mara mbili. Nikaona mwandishi amekosea kuchapa. Nikamsahihisha: sukuma kushoto, mashua inakwenda kushoto. Mara saba katika sura moja.

Mwalimu wao wa mashua aliandika pembeni kwamba mwanafunzi akifuata ukurasa ule atagonga gati siku ya kwanza. Wakakata nusu ya malipo. Nusu ile ilikuwa karo ya mtoto, lakini hata hiyo imekwisha kuniuma. Kinachoniuma mpaka leo ni sentensi yake ya mwisho: inaonekana mfasiri hajawahi kukaa ndani ya mashua akiwa amefungua macho. Mimi, niliyelelewa kwa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili letu la Kivu. Mimi ninayetembea dakika kumi na tano kutoka mlangoni mpaka majini. Nimekwenda Bukavu kwa boti mara ngapi? Kisiwa cha Idjwi mara ngapi? Na kila mara nilikaa katikati na mkoba wangu magotini, sikumtazama hata siku moja anayeendesha.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kwenye bandari ya Kituku. Kuna mzee mmoja anayemfahamu mjomba wangu, ana boti la mbao lenye injini ya nyuma. Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Aliniingiza, tukatoka nje kidogo ambako hakuna watu, akanipa mkono wa injini.

"Mama, sukuma ku gauche." Kushoto, kwa Kifaransa chetu.

Nikasukuma. Mbele ya boti ikageuka kulia.

"Ona. Sasa vuta kwako."

Nikavuta. Ikaenda kushoto. Nilirudia labda mara ishirini, na mara zote mkono wangu uliona kabla ya kichwa changu. Usukani unazunguka kwenye mhimili. Ukipeleka mkono kushoto, bapa lililo majini linakwenda kulia, maji yanalipiga upande huo, nyuma ya boti inasukumwa kushoto na pua inaelekea kulia. Injini ya nyuma inafanya vilevile. Mzee alisema hivyo kwa maneno machache kuliko haya.

Ndipo nikaelewa kwamba Kifaransa kinasema "barre" kwa vitu viwili. Kuna "barre franche", ule mkono wa mti ambao watu wa pwani huuita kana, na Kiingereza huuita "tiller". Na kuna "barre à roue", gurudumu, "wheel", ambalo ukiligeuza kushoto chombo kinakwenda kushoto kama gari. Kiingereza kina pia "helm" kwa vyote viwili. Kwa hiyo kitabu kikisema "la barre à gauche" bila mchoro, hujui bado umeambiwa nini.

Na hatari hii si ya wafasiri peke yao. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, kwenye Titanic, amri iliyotolewa ilikuwa "hard a-starboard", yaani kulia kabisa, na meli ikageuka kushoto. Hakuna aliyekosea hapo. Meli ilikuwa na gurudumu, lakini amri za Waingereza zilikuwa bado zinahesabu upande wa kana, kama enzi za mashua ndogo. Meli za Uingereza ziliacha desturi hiyo mwaka 1933. Ukipewa kumbukumbu ya safari ya zamani uitafsiri, tazama mwaka kwanza. Amri ileile, upande mwingine.

Kuhusu pande zenyewe sitakaa sana. "Bâbord" ni kushoto ukitazama mbele, "port", taa nyekundu. "Tribord" ni kulia, "starboard", taa ya kijani. Wafaransa hukumbuka kwa neno "batterie": ba iko kushoto, tri iko kulia. Ukikutana na "larboard" kwenye maandishi ya zamani, ni "port" hiyohiyo; jeshi la majini la Uingereza lililiacha neno hilo mwaka 1844 kwa sababu lilisikika kama "starboard" katikati ya kelele za upepo.

Lakini kwenye mashua ya tanga, kushoto na kulia ni jambo dogo. Mwenye amri ni upepo. "Au vent" ni upande upepo unakotoka, "windward". "Sous le vent" ni upande unakokwenda, "leeward". "Lofer" ni kuelekeza pua kwenye upepo, "luff up". "Abattre" ni kuuepuka, "bear away". Na ukiona "bâbord amures", usidhani mashua inakwenda kushoto: maana yake upepo unaingia kutoka kushoto, "port tack". Hili lina uzito wa sheria. Katika kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano, mashua mbili za tanga zikikutana, yenye upepo wa kushoto ndiyo inayompisha mwenzake mwenye upepo wa kulia. Ukikosea neno hapo, umempa mtu haki ya njia ambayo hana.

Nilipokuwa nahangaika na hayo niligundua kwamba Kiswahili cha pwani kilikuwa nayo yote. Kamba ya "écoute" ni demani, na upande wa chini ya upepo nao huitwa demani. Upande wa juu, unakotoka upepo, ni goshi. Nililisoma nikasikia "gauche" masikioni, kama mtu yeyote wa Goma, na kumbe si kushoto kabisa. "Drisse", kamba ya kupandishia tanga, ni henza. Kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku ni kubisha. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Nilikuwa nimetafuta maana ya mambo haya katika lugha mbili za watu, na lugha ya mama yangu haikuwahi kuulizwa.

Wadogo zangu, tusijidanganye. Kujua lugha mbili hakukufanyi ujue kitu kilicho kati yake. Sentensi ikionekana ina kosa, mwandikie mteja umuulize, usiisahihishe gizani. Uliza nani ameshika nini. Uliza ikivutwa kinatokea nini. Nenda ukashike. Hapa Kivu hatuna bahari, lakini tuna maji mita 1,460 juu yake, na boti kila asubuhi, na wazee ambao hawajawahi kumfukuza mtu anayeuliza kwa heshima.

Basi wewe wa Bukavu: kesho asubuhi, kabla ya kufungua faili, shuka bandarini umwombe nahodha mmoja dakika tano za mkono wa injini. Kisha mwandikie mteja maswali mawili. Chombo chao kina kana au gurudumu? Na wanaweza kukutumia mchoro wenye majina ya kamba zote? Wakisema mchoro hawana, omba siku kumi badala ya sita. Ukipata majibu nitumie kurasa tano za kwanza, nizisome nikiwa nimefungua kitabu kile kilichonirudia. Bado ninacho, na wino wake mwekundu.